Maswali ya Wasomaji: Mazoezi ya Akili, Kuanzia Mtoto Hadi Mzee

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: akili inaweza kunolewa, na kwa zoezi lipi? Tumechagua nane. Majina tumeyaacha, barua tumezifupisha.

Nimelipia programu ya simu ya michezo ya akili kwa miezi mitatu. Nimepanda kutoka kiwango cha 4 hadi cha 19, lakini funguo bado zinanipotea na majina ya wateja yananitoka. Nakosea wapi? (Mfanyabiashara, miaka 47, Nairobi)

Hukosei popote. Mchezo umekufundisha mchezo. Ubongo hushika kile hasa unachourudishia, na ukiutoa nje ya hicho hubeba kidogo mno. Anayepanga vigae vya rangi kwenye simu kila jioni atakuwa hodari wa kupanga vigae. Jina la mteja ni kazi nyingine, na ina njia yake.

Jambo hili lilipimwa Uingereza kwa watu wengi sana. Watafiti wakishirikiana na BBC waliwapa watu 11,430 mazoezi ya akili ya kwenye kompyuta kwa wiki 6, angalau dakika 10 kwa siku, siku 3 kwa wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Nature. Kila kundi lilipanda katika michezo liliyoifanya. Kwenye vipimo vingine vya kumbukumbu na kufikiri, hata vile vilivyofanana na michezo yenyewe, hakuna faida ya maana iliyoonekana. Mwaka 2016 kampuni ya programu ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza madai ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kwamba matangazo yake yaliahidi kuliko ushahidi uliokuwepo. Mchezo ukikufurahisha, ucheze kama unavyocheza draft. Usiulipie kama dawa.

Sasa majina. Mteja akijitambulisha, litamke jina lake papo hapo: "Karibu, Bwana Otieno." Tafuta kitu kimoja usoni au kwenye sauti yake, ukifunge na jina kwa picha ya ajabu kidogo. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoacha, jiulize jina hilo kimoyomoyo baada ya nusu dakika, baada ya dakika 2, baada ya dakika 10, na jioni ukifunga duka. Kulichungulia kwenye daftari hakuhesabiki. Kinachokaza kumbukumbu ni ile juhudi ya kulitoa kichwani. Likikukwama, litazame, kisha anza upya na nusu dakika. Majina 3 kwa siku yanatosha.

Kwa funguo, usiufundishe ubongo chochote. Piga msumari karibu na mlango.

Shule ya awali jirani inatangaza programu ya kompyuta ya "kukuza ubongo", ada yake si ndogo. Nina mtoto wa miaka 4 na mwingine wa miezi 14. Niwapeleke? (Mama, Morogoro)

Mama, hiyo ada kaa nayo. Anachohitaji mtoto wa miaka 4 zaidi ya yote ni kuweza kujizuia, kushika kanuni kichwani na kubadilika kanuni inapobadilika. Mchezo unaofundisha hayo unaujua tangu utotoni: Nyama, nyama.

Kiongozi anaita, "Nyama, nyama, nyama!" Watoto wanajibu, "Nyama!" huku wakiruka. "Nyama ya ng'ombe!" Wanaruka. "Nyama ya mbuzi!" Wanaruka. "Nyama ya nyoka!" Hapo miguu ibaki chini na mdomo ufungwe. Wanasaikolojia hupima uwezo huohuo maabara kwa kumwambia mtoto abonyeze kitufe akiona picha fulani na asibonyeze akiona nyingine.

Ili uwe zoezi kweli, shika mambo matatu. Kwanza, katika kila miito 10, minane iwe ya nyama inayoliwa. Ukigawa nusu kwa nusu mtoto hapati mazoea ya kuruka, basi hana cha kuzuia. Pili, ongeza mwendo polepole: anza na mwito mmoja kwa kila sekunde 3, na akipatia 9 kati ya 10, kaza mwendo. Akizoea kabisa, geuza kanuni, aruke kwa nyama isiyoliwa, mtaona kicheko. Tatu, usimtoe mtoto aliyekosea. Kwa desturi anayeruka vibaya hukaa pembeni, na matokeo yake anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayepata machache. Mpe yeye zamu ya kuita. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, mchezo uishe wakiwa bado wanautaka.

Kwa wa miezi 14, ushahidi bora tunaoujua unatoka Jamaika. Mjini Kingston, mwaka 1986 na 1987, watoto 129 waliodumaa, wa kati ya miezi 9 na 24, waligawanywa makundi. Baadhi nyumba zao zilitembelewa na mhudumu wa afya ya jamii saa 1 kila wiki kwa miaka 2, akimwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vifaa vya kutengeneza nyumbani. Miaka 20 baadaye, waliochezewa hivyo walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko waliodumaa kama wao bila kupata huduma hiyo. Kazi ile ilifanywa na mama, mwanasesere wa kitambaa na vifuniko vya chupa.

Anzia hapo. Chupa ndogo ya maji, weka maharagwe robo, kaza kifuniko na kizungushie utepe. Boksi la viatu lenye tundu juu, mtoto adumbukize vifuniko vikubwa na kuvitoa. Akinyoosha kidole kwa kuku, sema "Kuku! Kuku anakula," kisha nyamaza uhesabu hadi 5. Ukimya huo ndio zamu yake. Mama wengi huijaza kwa maneno na mtoto hapati nafasi ya kujibu. Chochote kinachopenya kwenye bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba koo, usimwachie.

Na chakula kisisahaulike, maana ubongo usio na madini haunoleki. Chumvi iwe yenye madini joto, ikae kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua, na itiwe mwishoni mwa kupika ili madini hayo yasipotee kwa moto. Dagaa na maharagwe kwa ajili ya madini ya chuma, na ndimu ikamuliwe juu yake. Chai isiletwe pamoja na mlo, inazuia chuma kunyonywa.

Niko kidato cha nne. Nasoma hadi usiku wa manane, narudia daftari la biolojia mara nne, nafunga nikijua kila kitu. Wiki moja baadaye kichwa kitupu. Je, nina akili ndogo? (Mwanafunzi, Tabora)

Huna akili ndogo. Una njia mbovu, na karibu kila mwanafunzi anayo hiyohiyo.

Watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha mwaka 2006 kinachokupata. Kundi moja la wanafunzi lilisoma habari fupi mara nne. Jingine liliisoma mara moja, kisha mara tatu likajaribu kuiandika bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne waliongoza: asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma 40. Kurudia kusoma kunakupa raha ya kuzoea maandishi, nawe unaidhani raha hiyo ni ujuzi.

Fanya hivi. Nunua karatasi ngumu za manila, kata kila saizi ya A4 vipande 8. Upande mmoja swali moja, nyuma jibu moja lisilozidi mistari miwili. "Eleza mfumo wa damu" si swali la kadi. "Valvu iliyo kati ya chemba mbili za kushoto za moyo inazuia nini?" hilo ndilo. Tafuta boksi, ligawe vyumba 5. Chumba cha kwanza hupitiwa kila siku, cha pili kila baada ya siku 2, cha tatu siku 4, cha nne siku 8, cha tano siku 16. Ukijibu sawasawa kadi inasonga chumba kimoja mbele. Ukikosea inarudi cha kwanza, hata kama ilikuwa chumba cha tano. Mbinu hii ilienezwa na Mjerumani Sebastian Leitner miaka ya 1970, na haihitaji umeme.

Idadi ndiyo inayowavunja wengi. Ukiingiza kadi mpya 10 kwa siku, baada ya mwezi utakuwa unapitia kama 50 au 60 kila siku, yaani kama robo saa. Ukiingiza 40 kwa pupa, ndani ya wiki mbili rundo litakushinda na boksi litaenda chini ya kitanda. Kosa la pili ni kugeuza kadi baada ya sekunde 2 na kujiambia "nilikuwa nalijua". Litamke jibu kwa sauti au liandike, ndipo ugeuze. La tatu ni kupanga kadi kwa mada. Zichanganye: usanisinuru, figo, jenetiki. Utakosea zaidi mezani na kukosea kidogo kwenye chumba cha mtihani, ambako maswali hayaji yamepangwa.

Usiku wa manane lala. Ulichojifunza mchana hukazwa usingizini.

Nina miaka 68, nimestaafu, kila alasiri nacheza bao barazani. Mwanangu anasema bao linazuia ugonjwa wa kusahau. Ni kweli? Na bado naendesha gari. (Mstaafu, Tanga)

Shikamoo mzee. Bao endelea nalo. Mashimo 32, kete 64, na kazi ya kuhesabu kete zitaishia wapi kabla hujazishika, hiyo ni kazi kweli ya akili. Lakini lile la kwanza tulilomwambia msomaji wa Nairobi lipo hapa pia: bao litakufanya mjuzi wa bao. Ili hata hilo lisisimame, usicheze na unayemfunga kila siku. Mtafute anayekufunga. Mkifika kwenye mtaji, yaani kete za mkononi zimeisha na zote ziko ubaoni, kabla ya kugusa kete mwambie mwenzio kwa sauti kete yako ya mwisho itaangukia shimo lipi, kisha cheza muone. Na faida kubwa ya baraza huenda haiko kwenye ubao bali kwenye watu, maana upweke ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya demenshia, huo ugonjwa wa kusahau.

Zoezi la akili lenye ushahidi mrefu kuliko mengine kwa watu wa rika lako ni la kasi ya kuona na kuamua. Lilijaribiwa Marekani katika utafiti unaoitwa ACTIVE, ulioanza 1998 kwa watu 2,832 wenye miaka 65 na kuendelea. Kundi moja lilifundishwa kumbukumbu, jingine kufikiri kwa mpangilio, la tatu kasi; vipindi 10 vya saa 1 au zaidi kidogo, ndani ya wiki 5 hadi 6. Taarifa ya mwaka 2017 ilisema kwamba katika miaka 10 waliofundishwa kasi walikuwa na hatari ya demenshia pungufu kwa asilimia 29 kuliko wasiofundishwa chochote. Makundi mengine mawili hayakupata punguzo la wazi. Kwa madereva, ajali zilizotokana na makosa yao zilipungua karibu nusu katika miaka 6, kwa kundi la kasi na lile la kufikiri.

Zoezi lenyewe liko hivi. Katikati ya kioo cha kompyuta inamulika picha ya gari dogo au lori, na wakati huohuo gari jingine linamulika pembeni. Vyote vinapotea. Unaulizwa: katikati ilikuwa nini, na la pembeni lilikuwa wapi? Ukipatia, muda wa picha unapunguzwa, kutoka kama nusu sekunde hadi milisekunde chache, na pembeni kunajazwa michoro ya kukuchanganya. Nguvu iko kwenye huko kupunguzwa: zoezi linakufuata pale pale unapoanza kushindwa. Kwa karatasi haliwezekani. Zipo programu za kompyuta zenye zoezi la aina hii. Ukipata moja, fanya vipindi 10 kwa wiki 5, saa moja moja, kwenye kioo kikubwa na si cha simu, kwa sababu pembeni lazima pawe pembeni kweli.

Lakini mzee, kabla ya programu yoyote kuna mambo matatu yanayokuja mbele kwa uzito.

Presha. Ipime, uandike, unywe dawa kama ulivyopangiwa hata siku unayojisikia mzima. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2019 uliona kwamba waliosimamiwa presha yao ya juu iwe chini ya 120, badala ya chini ya 140, walipata upungufu mdogo wa kumbukumbu kwa kiasi pungufu cha asilimia 19. Lengo lako mwenyewe atalipanga daktari wako. Usiongeze kidonge kwa kusoma gazeti.

Masikio. Mtu asiyesikia vizuri hutumia nguvu za akili kubahatisha maneno, na hubaki na kidogo cha kuyakumbuka, kisha huanza kuikimbia baraza. Nenda ukachunguzwe. Mara nyingine ni nta tu imeziba. Usiichokoe kwa kijiti cha pamba, kinaisukuma ndani.

Kutembea. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa wazee 120. Nusu walitembea kwa mwendo wa kukaza dakika 40, siku 3 kwa wiki, mwaka mzima. Sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, hipokampasi, iliongezeka ukubwa kwa kama asilimia 2. Kwa nusu nyingine, waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu, ilipungua kwa kama 1.4. Mwendo uwe ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Anza na dakika 10, ongeza 5 kila wiki.

Ni muuguzi wa zamu za usiku. Umakini umeisha. Zoezi lipi? (Mombasa)

Usingizi, dada, kabla ya zoezi lolote. Kahawa ya mwisho iwe angalau saa 6 kabla ya kulala. Ukitoka zamu vaa miwani ya jua njiani, chumba kiwe giza, simu ikae chumba kingine. Wakiruhusu, sinzia dakika 20 katikati ya zamu. Ukivuka nusu saa utaamka mzito. Dozi usizihesabu kwa kichwa kuanzia saa 9 usiku. Andika, na mwenzio ahakiki.

Mama yangu ana miaka 61, hajui kusoma, anataka kuanza kisomo. Ndugu wanacheka: samaki mkunje angali mbichi. (Binti, Singida)

Mwandikishe. Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza mjini Eldoret Januari 2004 akiwa na miaka 84. Na mwaka 2010 watafiti waliopiga picha ubongo wa watu wazima wa Brazili na Ureno walikuta kwamba waliojifunza kusoma ukubwani walikuwa na mabadiliko ya aina ileile kama waliosoma utotoni, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Ukubwani kujifunza huenda polepole, lakini hufika.

Kwanza mpeleke apimwe macho. Wengi wanaoacha kisomo wanaambiwa kichwa kigumu, kumbe herufi wanaziona ukungu. Miwani ya kusomea ingemaliza kesi. Kisha tumieni silabi, maana Kiswahili kinasomeka kama kinavyotamkwa: ma, me, mi, mo, mu. Silabi 5 kwa siku, na siku hiyohiyo azikute kwenye neno la maisha yake: *mama*, *mume*, jina la mjukuu. Nusu saa, siku 5 kwa wiki. Akifika kwenye kusoma mwenyewe ujumbe wa pesa ulioingia kwenye simu yake, hutahitaji tena kumhimiza.

Mama ana demenshia, wamethibitisha hospitali. Dawa ni chache. Kuna mazoezi tunayoweza kumfanyia nyumbani? Nikimuuliza siku na tarehe analia. (Binti anayemlea mama yake, Machame)

Yapo, na yamejaribiwa hapo hapo kwenu. Wilayani Hai, utafiti uliofanyika 2009 na 2010 uliona kwamba kama watu 6 katika kila 100 waliofika miaka 70 walikuwa na demenshia. Baadaye tiba ya kuchangamsha akili, iliyobuniwa Uingereza, ilirekebishwa kwa mazingira yetu na kujaribiwa kwa wazee 34 wa Hai. Matokeo yalichapishwa 2017. Uwezo wao wa akili ulipanda, na hali ya maisha yao pia. Ni vipindi 14, viwili kwa wiki, kwa wiki 7, kila kimoja dakika 45, wazee 5 hadi 8 pamoja. Uliza hospitalini kama kuna mtaalamu wa tiba kwa vitendo anayeendesha kikundi cha aina hiyo. Kisipokuwepo, kusanya majirani wawili watatu wenye wazee wa hali hiyo. Kikundi kinasaidia kuliko mtu mmoja.

Dakika 10 za mwanzo: salamu kwa jina la kila mmoja, wimbo uleule kila mara, na mazungumzo ya hali ya hewa. Siku na tarehe usiziulize. Ziandike ubaoni kwa herufi kubwa, uzisome wewe: "Leo ni Jumanne, na mvua imetunyeshea." Amezipata bila kufeli. Dakika 25 ni za shughuli kuu, na kila kipindi kina yake: chakula, utoto, sauti, sarafu za zamani, kupanga vitu kwa aina, harufu za iliki na mdalasini. Dakika 10 za mwisho ni wimbo, shukrani, na kutaja kitakachokuja.

Siri ya tiba hii ni kuuliza maoni badala ya kumbukumbu. Siku ya chakula lete mezani ndizi za aina tatu, azishike, azinuse. Usiseme, "Mama, hii inaitwaje? Unakumbuka?" Hilo ni swali la mtihani, na ndilo linalomliza. Sema, "Mama, ukipika mtori ungechukua ipi? Na hii ingefaa mbege?" Swali hilo halina kosa. Akisema mtori wa ndizi mbivu, usimsahihishe, mgeukie mwenzake, "Bibi, wewe unaonaje?" Watabishana, na katika kubishana wanatafuta maneno, wanalinganisha, wanatoa sababu.

Yanayoharibu ni haya: kwenda haraka, redio kuwashwa pembeni, mzee bila miwani yake, na binti kumjibia mama. Baada ya swali subiri, hata sekunde 10. Akichoka kabla ya 45, ishieni hapo. Wiki 7 zikiisha, endeleeni mara moja kwa wiki, kwa sababu faida hupungua mazoezi yakikatika.

Hakikisha pia hospitali walimwangalia tezi ya shingo (thairoidi), vitamini B12, kaswende, VVU na sonona, kwani hizo huiga demenshia au huizidisha, na zinatibika. Kama anatumia metformini ya kisukari kwa miaka mingi, taja hilo, maana hushusha B12. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama klorofeniramini, zisikae kwenye kabati lake. Kwa mzee zinavuruga akili.

Baba alikuwa mzima Jumatatu, miaka 74. Jumatano haelewi tuko wapi, mara analala mchana kutwa, mara anaona watu wasiokuwepo. Tuanze naye mazoezi gani? (Kigoma)

Hakuna zoezi hapa. Mpelekeni hospitali leo. Demenshia huja kwa miezi na miaka. Mvurugiko wa siku mbili ni dalili ya jambo la mwili linaloendelea sasa: malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, upungufu wa maji, dawa mpya, au damu kuvuja kichwani baada ya kuanguka, hata kama alianguka wiki kadhaa zilizopita. Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, za hospitali, za duka na za kienyeji. Mwambieni daktari saa mliyoanza kuona mabadiliko na kama alianguka. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, shukuni kiharusi, na msisubiri kupambazuke.